Fomu ya Kukagua Huzuni

Jumatatu, 14 Julai

Nimeteuliwa! Au tuseme nimejiteua, ila Sista Modesta hakupinga. Chekechea ya binti yangu Odeta hapa Mirongo, Mwanza, imepata katoni ya vitabu ishirini na vinne vya picha, vyote vya kufundisha watoto wadogo kutambua hisia. Hasira, hofu, wivu, yote yamo. Shule itabaki na vitano, vingine vitavuka ziwa kwenda chekechea za Nansio. Sista akaomba wazazi wawili wa kuchagua. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Mimi ni mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha minofu ya sangara, mwaka wa kumi na mbili huu. Namtazama samaki jichoni najua alivuliwa lini. Sura ya mtoto kitabuni itanishinda nini?

Mzazi wa pili ni Masele. Fundi baiskeli, jirani yangu, Msukuma wa Magu, mtu wa kucheka mpaka mtaa wa pili wasikie. Ananiita Profesa kwa sababu mimi Mhaya, eti Wahaya wote ni wasomi. Alipoulizwa ana uzoefu gani na vitabu vya watoto, akasema ana watoto. Kikao kizima kikafurahi. Mimi nilikuwa nimeandaa maelezo ya dakika kumi. Hakuna aliyeyaomba.

Renatha kapiga simu kutoka Dodoma. Mke wangu yuko masomoni huko, mwaka mzima. Anasema kila akiongea na Odeta anajibiwa neno moja tu: salama. Mtoto wa miaka mitano, aliyekuwa anaongea mpaka usingizini! Tangu mama yake aondoke, wiki tatu sasa, amefunga mdomo. Renatha ameamua. Hali ikibaki hivi, mama yake mzazi atakuja Jumamosi ya tarehe 26, amchukue Odeta akakae naye Bukoba. Nyumba hii bila Odeta? Naogopa hata kuiandika. Nimemwambia Renatha atulie, vitabu vimeshafika.

Jumanne, 15 Julai

Tumegawana katoni. Kumi na viwili kwangu, kumi na viwili kwa Masele. Sijui Masele anatumia utaratibu gani. Mimi nimechukua fomu ya kiwandani, nikafuta neno "sangara", nikaandika "kitabu". Mengine yote yamekaa sawasawa. Macho: yanang'aa au yamefifia? Mashavu: rangi gani? Ngozi: imara au inabonyea? Harufu? (Karatasi mpya, safi.) Mwisho: Daraja la Kwanza, Daraja la Pili, au Kataa.

Nimemaliza vyote kumi na viwili kwa dakika arobaini. Mbuzi mwenye wivu, Daraja la Kwanza, wivu unaonekana mpaka kwenye ndevu. Kuna kimoja cha chura anayechukia mvua. Chura! Achukie mvua! Kataa. Sikuhitaji kufungua zaidi ya jalada.

Nikamwonyesha Odeta picha ya mtoto mwenye machozi, nikamuuliza ana nini. Akaitazama muda mrefu sana. Akasema amemenya vitunguu. Nikamwambia hapana, jaribu tena. Akasema moshi wa jiko. Hapana. Akasema hajui. Nikamwambia jibu ni huzuni, naye akajibu ndiyo baba, kwa adabu kabisa. Lakini kwa nini aliitazama muda mrefu vile? Fomu haina nafasi ya muda.

Jumatano, 16 Julai

Nimefanya upelelezi. Nilipita mbele ya kwa Masele jioni nikijifanya natafuta msumari. Amekaa kizingitini, mikono imejaa grisi, kitabu magotini. Watoto sita juu yake, mmoja kakalia bega. Hana fomu. Haulizi swali hata moja! Anasoma ukurasa, ananyamaza, anafungua mwingine. Na wa sita kati ya wale watoto ni nani? Odeta. Wangu! Anamnong'oneza Masele sikioni, na Masele anatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa.

Wivu. Nauandika wazi kwa kuwa ndiyo kazi yangu sasa, kutambua hisia. Daraja la Kwanza.

Nilimvizia baadaye nikamuuliza mtoto kasema nini. Masele akasema ameambiwa yeye, hakuambiwa Profesa, na nikitaka kujua nimuulize mwenyewe. Nikamuuliza mwenyewe. Salama.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango mpya! Nimenakili sura tisa kutoka vitabuni, nikazibandika nyumba nzima. Furaha kwenye mlango, hasira kwenye ndoo ya maji, hofu chooni. Kila asubuhi Odeta ataonyesha kidole sura inayofanana naye. Leo ameonyesha ile ya mtoto aliyefumba macho huku amekumbatia kitenge. Nikaandika: usingizi. Nimemlaza mchana saa mbili nzima.

Ijumaa, 18 Julai

Odeta ameonyesha sura ileile. Usingizi tena! Mtoto huyu ana uchovu mkubwa, sikujua. Nimeagiza dada wa jirani amlaze mara mbili.

Kazini nimeamua kufanya mazoezi kwa watu wazima. Ndalahwa anasimama meza ya kwanza ya kukata minofu, mwanamke hodari, kisu chake hakikosei. Nilimkaribia na kalamu yangu, nikamtazama usoni kwa makini, nikamuuliza taratibu anajisikiaje leo. Akaweka kisu chini. Akauliza kama wanapunguzwa kazi. Nikasema hapana, nataka tu kujua kama ana hofu. Basi nimeharibu! Kufika saa sita meza zote nne zilikuwa zinaamini kiwanda kinafungwa, na mama mmoja alikuwa ameshaanza kuaga. Meneja kaniita. Aliniuliza kwa nini nawatazama watu mashavuni. Sikuwa na jibu fupi.

Ila nimejifunza kitu cha ajabu: ukimuuliza mtu kama ana hofu, anaipata.

Jumamosi, 19 Julai

Odeta: usingizi, siku ya tatu.

Jumatatu Sista atavijaribu vitabu mbele ya watoto wote, wazazi wakishuhudia. Vitakavyoeleweka zaidi ndivyo vitakavyobaki. Sasa, je, ni vibaya kuwasaidia watoto kuelewa mapema? Nimewakusanya saba wa mtaani, wote wa chekechea hiyohiyo, nikaandaa mandazi. Vitabu vyangu vitano kwa mpangilio: furaha, huzuni, hasira, hofu, wivu. Wamezoea darasani kujibu kwa pamoja, kwa hiyo kazi ilikuwa nyepesi. Nikiinua cha kwanza, wote: Furahaaa! Cha pili: Huzuniii! Baada ya nusu saa hawakuhitaji hata kutazama picha. Safi sana. Odeta alikula andazi moja pembeni, hakujibu chochote. Nikamwambia namtegemea. Akanitazama vilevile alivyoitazama picha ya vitunguu.

Jumatatu, 21 Julai

Aibu. (Nimeitambua mara moja.)

Sista Modesta alianza na vitabu vya Masele. Kwa nini aanze na vya Masele? Jina langu linaanza na J, na katika fomu J iko kabla ya M! Akainua picha ya kwanza, mtoto ambaye mpira wake umepasuka. Watoto wangu saba, kwa sauti moja, darasa zima likawafuata: "Furahaaa!" Sista akarekebisha miwani. Picha ya pili, bibi harusi anacheka. "Huzuniii!" Mama mmoja nyuma akasema hilo linawezekana. Picha ya tatu, mtoto kainamisha uso mbele ya mzee, mikono nyuma. "Hasiraaa!"

Masele alikuwa ameziba mdomo kwa kofia, mabega yanaruka. Sista akapitisha macho darasani, akaona mmoja tu hakufungua mdomo. Akamuuliza Odeta huyu mtoto pichani ana nini. Nikafumba macho.

Odeta akasema, polepole lakini wote tukamsikia: "Anamwamkia babu."

Sista akageuza kitabu, akasoma nyuma. Kitabu kinasema ni aibu, mtoto amekosea anaona haya. Watoto wakabisha, sasa kila mmoja kwa sauti yake. Anaamkia! Anasema shikamoo! Huwezi kumkazia macho mzee! Sista akawaacha wabishane, akafurahi kweli. Akasema kitabu kimetoka mbali, hakitujui vizuri, basi tutakibakisha ili watoto wakifundishe. Mimi nilikuwa nimekwenda kufundisha watoto, na hapa watoto wanafundisha kitabu! Nimelifikiria hili njia nzima. Nyuso tisa nyumbani kwangu, je, nilizisoma sawasawa?

Ila nimesahau baya zaidi. Vimepita vinne vya Masele na kimoja changu. Siyo mbuzi mwenye wivu. Sista alipekua mpaka vile nilivyokataa, akasoma cha chura, na alipofika mwisho Odeta akaomba asome tena. Akasoma. Akaomba tena. Mara tatu!

Jumatano, 23 Julai

Nimeazima chura. Nimemwambia Sista ni kwa ukaguzi wa marudio.

Nimefungua ukurasa wa kwanza, kwa mara ya kwanza. Kumbe haogopi kulowa. Mama yake aliondoka siku ya mvua kwenda bwawa la mbali, na kila mvua ikinyesha yeye anajificha chini ya jani. Wanyama wote wanamuuliza ana nini. Anasema hana kitu. Kuku anamletea mwavuli. Sungura anamletea koti. Mwishoni anakuja baba chura, anakaa naye kwenye mvua, hasemi neno. Wanalowa wote wawili. Basi, kitabu kimeisha.

Nimekisoma mara mbili nikiwa nimesimama jikoni. Nimeumia. Sijui niiandike safu gani. Nilimwendea Odeta, nikakaa karibu naye mkekani, nikawa karibu kunyamaza. Lakini nikakumbuka Jumamosi inakuja na hatuna ushahidi wa kumwonyesha bibi yake, nikamuuliza kati ya kuku na sungura amempenda nani zaidi. Akainuka akaenda kuteka maji ya kuku wetu.

Jumamosi, 26 Julai

Mama mkwe amefika na basi la kutoka Bukoba. Ma Prudencia, mwalimu mstaafu, begi moja, kahawa ya kutafuna na mkungu wa ndizi. Shikamoo mama. Marahaba. Akatazama sura za ukutani moja moja. Aliporudi kutoka chooni ndipo aliuliza nani kamweka yule mtu mwenye hofu kule.

Nguo za Odeta alishaanza kuzikunja. Nikamwomba akae kwanza nimwonyeshe maendeleo. Nilikuwa na chati: siku kumi, mstari mmoja, usingizi, usingizi, usingizi. Nikamwita Odeta asimame katikati ya sebule, nikamwambia amwonyeshe bibi anavyojisikia, achague sura. Taratibu, nikasema. Usiogope. Una hofu?

Akalipuka. "Sina usingizi! Sina usingizi, baba! Yule analia, anamlilia mama yake, kitenge ni cha mama yake! Nilimwambia Baba Masele, yeye alijua. Mimi nimekukasirikia wewe! Kila siku unaniuliza, halafu unaandika. Namtaka mama. Na Bukoba sitaki, nataka nikae hapa na wewe, halafu usiandike!"

Kisha akalia, kilio kikubwa cha wiki tano. Kalamu ilinianguka. Nikamshika, sikujua la kusema, kwa hiyo sikusema, na shati langu likalowa lote. Sijawahi kufurahi hivyo nikiwa nimetukanwa.

Ma Prudencia alitafuna kahawa yake mpaka mtoto alipotulia. Akazikunjua zile nguo, akazirudisha kabatini. Akasema mtoto huyu anaongea vizuri tu, tatizo liko kwingine. Akaniambia jambo moja, kwa Kihaya, lisilo la kuandikwa. Halafu akampigia Renatha simu, na Odeta akaongea na mama yake robo saa, akacheka, akalia, akacheka tena. Anabaki! Odeta wangu anabaki!

Jumapili, 27 Julai

Ma Prudencia ameondoka asubuhi. Nimekaa kutafakari kilichotokea na jibu liko wazi: mbinu yangu imefanya kazi. Bila zile sura ukutani mtoto angelipuka juu ya nini? Siku kumi za maswali, na hasira ikatambuliwa kwa jina, mbele ya shahidi mwalimu mstaafu. Masele amepita hapa akasema yeye anadhani mtoto alitaka tu kusikilizwa. Sawa kabisa! Ndicho ninachosema! Na mtu wa kuwafundisha wazazi wa Mwanza kusikiliza ni nani, kama si aliyelipitia hili kitaalamu?

Kwa hiyo naandika mwongozo. Nimeanza baada ya misa, niko ukurasa wa kumi na moja. Kesho nampelekea Sista Modesta, tuanze na Mirongo, Magu ifuate, mpaka visiwani. Kiini cha mwongozo ni kwamba mzazi aache kila anachofanya, akae chini na mtoto, asiulize, asiandike. Nimepigia mstari mara mbili hapo kwenye kuandika. Nimeweka na fomu, ili mzazi ajipime kila baada ya dakika tano kama kweli anasikiliza.

Odeta amekuja na kitabu cha chura mkononi, anataka tukae mlangoni tukisome. Nimemwambia dakika moja, baba yuko kwenye sura ya kusikiliza. Akaja tena. Dakika moja. Akaja mara ya tatu, akasimama tu, nikamwonyesha kidole kwamba nakaribia kumaliza.

Mara ya nne hakuja. Nadhani sasa ameelewa.