Mfungo Ulionukia Kitunguu

Jumapili, 1 Juni

Paroko ametangaza. Jumamosi ya tarehe kumi na nne mimi na Flaviana tutarudia ahadi za ndoa mbele ya altare. Miaka ishirini na mitano. Waumini wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao naamini ulionekana hadi viti vya nyuma.

Nje ya kanisa furaha ikaharibiwa. Adelard, msimamizi wetu wa ndoa, ambaye tangu siku ya harusi anajiona ndiye aliyetuoa, akatangaza kwamba baada ya misa atatupeleka wote hoteli moja ya mjini kula baga. Baga bora nchi nzima, kwa maneno yake. Akaongeza kwamba mimi mtu wa Masasi nisiwe na hofu, watanionyesha pa kuanzia kung'ata.

Nikamwambia nilianza kula baga yeye akiwa bado anafungiwa tai na mkewe. Benedicta, mkewe, akasema hata leo anamfungia.

Baga si suala la tumbo. Ni suala la kumbukumbu, na kumbukumbu ni suala la siasa. Nimelipigania hilo gazetini kwa miaka mingi, dhidi ya viti vya plastiki, dhidi ya televisheni kwenye migahawa, dhidi ya wote wanaoomba kusema machache. Sijawahi kushindwa kwa hoja. Mhariri tu ndiye hunipunguza.

Mwaka tulioanza uchumba nilimpeleka Flaviana Temeke Mwisho, kwenye kibanda cha Bi Hamida. Alikaanga nyama ya kusaga kwenye kikaango cha chuma, tangawizi nyingi, pilipili manga, akaibana ndani ya skonzi pamoja na kachumbari. Akaifunga kwa gazeti kuukuu. Flaviana alivaa gauni la njano. Redio ya jirani ilipiga dansi. Mtu wa pembeni alikamua miwa. Sijala tena kitu kama kile, wala sijawa tena kijana wa namna ile.

Mpango: nitapita kwa kila anayekaanga baga kutoka Kinondoni hadi Temeke. Nitaipata inayofanana na ile. Siku ya jubilei nitampeleka Flaviana mimi, si Adelard. Mke wangu asijue lolote hadi siku hiyo.

Jumanne, 3 Juni

Kinondoni. Mgahawa mpya, taa za rangi, ukuta wenye maneno ya kunitia moyo ambayo sikuyaomba. Baga ikaletwa imesimama wima kama mnara wa simu, imechomwa kijiti katikati isianguke. Nikamuuliza mhudumu inaliwaje. Akasema wateja wengi huipiga picha kwanza.

Nikaifumua nikaila kwa ghorofa. Nyama haina msimamo wowote. Jibini ya kuficha makosa. Nikamweleza mhudumu kwamba chakula kisichoingia mdomoni ni mapambo. Akaniuliza kama nataka kufungiwa.

Nyumbani ugali na kisamvu cha karanga. Nikala matonge mawili. Flaviana akaangalia sahani, akaniangalia mie, akafunika bakuli. Nikalala nikiwa na amani.

Jumatano, 4 Juni

Sehemu mbili leo. Mwananyamala: baga ya kuku, tamu tamu, kama wamekosea wakamimina maziwa ya chai. Tandale, nyuma ya soko: mkate mzuri, moto, lakini ndani soseji iliyopasuliwa katikati. Nikamwambia yule kaka kwamba hiyo si baga, ni udanganyifu. Akasema, mzee, umeshaimaliza. Kwa upande wa ushahidi alikuwa sahihi.

Nyumbani hali imechafuka. Flaviana kanipakulia, nami sikugusa. Akaketi mbele yangu. Akasema mume anayerudi jioni ameshiba ana jiko jingine mahali, na kwenye jiko kuna anayepika. Akauliza ni nani. Akauliza kwa upole, na upole wa Flaviana ni wa kuogopwa.

Nikafikiri haraka. Nikasema nimefunga. Nafunga kwa nia ya jubilei yetu, hadi siku ya misa.

Machozi yakamlengalenga. Akasema miaka yote hii alidhani mie ni mtu wa maneno tu.

Werevu mtupu. Nina ruhusa ya kutokula nyumbani hadi tarehe kumi na nne, tena kwa baraka.

Alhamisi, 5 Juni

Dosari ndogo. Flaviana naye kaanza kufunga. Anasema hawezi kuniacha peke yangu katika nia hiyo. Ameshindia uji mwembamba. Jioni tuliketi sebuleni, yeye tumbo likinguruma, mie nikizuia mbweu. Kesho kuna mtu wa Kijitonyama anayesifiwa.

Jumamosi, 7 Juni

Jumuiya yetu ya kanisani ilikuja kusali kwetu alfajiri ya leo. Flaviana alishawaambia. Mwenyekiti akanitaja kama mfano wa wanaume wa jumuiya yetu. Benedicta akasema Adelard wake hawezi kufunga hata vifungo vya shati. Adelard akatazama sakafu. Mandhari hiyo nitaikumbuka hadi kaburini.

Nikaombwa kutoa tafakari juu ya mfungo. Nikazungumza kirefu. Njaa kama shule. Tumbo kama mwanafunzi mkaidi. Mama mmoja akafuta machozi kwa kanga. Nilipofika kwenye utashi, baga ya jana ya Kijitonyama ikanirudi kooni na vitunguu vyake vyote. Nikakohoa. Wakadhani nimezidiwa na hisia. Wakaniimbia.

Walipoondoka, jirani yetu Badru akaniita ukutani. Alikuwa amesikia yote. Akasema, "Gervas ndugu yangu, mie nimefunga Ramadhani tangu utotoni. Saumu yako ndiyo ya kwanza nimeona inanukia kitunguu."

Nikamwambia imani za watu ziheshimiwe. Akasema anaiheshimu sana, ila nikitoka tena nimletee moja, isiwe na pilipili.

Flaviana amepungua. Pete inazunguka kidoleni. Nilimshauri apumzishe mfungo wake, mie nitabeba nia ya wote wawili. Akanishika mkono akasema hapana, tutafika pamoja.

Usiku wa kuamkia leo nililala vibaya. Sababu ni Kijitonyama.

Jumatatu, 9 Juni

Temeke Mwisho. Nilijua itauma, ikauma zaidi.

Kibanda cha Bi Hamida sasa ni duka la vipuri vya bodaboda. Pale palipokuwa na jiko wametundika matairi. Nilisimama nikijaribu kupanga: benchi lilikuwa hapa, redio ilitoka kule, Flaviana alikaa upande wa kivuli, viatu kavua, miguu juu ya tofali. Paka mnene wa Bi Hamida aliketi chini yetu akitutazama kwa heshima. Mie nilikuwa nasoma lile gazeti lililofungiwa baga. Makala fulani, nusu yake tu, nusu nyingine imeliwa na mafuta. Ilinikasirisha sana. Nikaijibu pale pale kwa sauti, kifungu kwa kifungu, hadi na ile nusu isiyoonekana. Usiku ule niliandika makala yangu ya kwanza. Kwa hiyo naweza kusema kila nilichonacho, mke na kalamu, kilianzia kwenye baga ile.

Muuza vipuri akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia. Akasema Bi Hamida yu hai, anaishi Kimbiji kwa mwanawe, hakaangi tena, hata nyama kaacha. Anakula samaki na kumsema mkwewe. Akanipa kiti. Nikakaa kidogo katikati ya matairi. Harufu ya mpira. Hakuna tangawizi popote.

Nikaondoka kuelekea Tandika nikiwa mnyonge. Na huko, pembeni ya soko, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu, nikaisikia harufu kabla sijamwona mkaangaji. Tangawizi. Pilipili manga. Kikaango cha chuma. Skonzi, si mkate wa kwenye mfuko wenye ufuta. Nikang'ata.

Ndiyo yenyewe. Au binamu yake wa karibu sana. Gauni la njano likarudi, dansi ikarudi, mgongo wangu ukasahau umri wake. Nikaagiza ya pili. Nikaila nimefumba macho ili nisiione Tandika.

Nilipofumbua, Benedicta alikuwa amesimama mbele yangu na kapu la vitunguu.

Akasema, "Shemeji, mfungo unaendeleaje?"

Mdomo ulikuwa umejaa. Nikabariki kwa mkono, sijui kwa nini.

Jumanne, 10 Juni

Kikao. Wasimamizi wa ndoa wameitwa, kama inavyofanyika nyumba inapowaka. Adelard alikuja na tai.

Flaviana alizungumza kwa ufupi. Hajala cha maana tangu Jumatano. Amezunguka nyumba za watu akimsifu mumewe. Jumamosi hatasimama altareni kumwahidi tena mtu ambaye hajui anakula kwa nani. Paroko ataarifiwa kesho.

Nilikuwa nimeandaa utetezi wenye sehemu tatu. Nilipomwangalia, kanga imemlegea mabegani, sehemu ya kwanza ikapotea, na nyingine zikaifuata. Nikasema ukweli. Hakuna mwanamke. Ni baga. Kinondoni, Mwananyamala, Tandale, Kijitonyama, Tandika. Nilikuwa natafuta ile ya Bi Hamida, ili siku ya jubilei tule tena kama siku ile.

Adelard akaanza kucheka, akakanyagwa mguu na mkewe.

Flaviana akauliza, baga ipi?

Nikamwambia, ya Temeke Mwisho. Uliyoila ukiwa na gauni la njano.

Akasema hajawahi kuila. Ilikuwa mbichi katikati, na tangawizi yake ilimchoma ulimi. Mie nilikuwa nagombana na gazeti. Kwa hiyo alimpa paka, kipande kwa kipande, yote. Nilipoinua uso nikamuuliza ilikuwaje, akasema nzuri, maana nilikuwa nimefurahi sana.

Yule paka. Miaka yote hii nilidhani ni heshima.

Benedicta akamuuliza, sasa kwa nini ulikubali kuolewa naye? Flaviana akafikiri. Akasema aliona mwanaume anayebishana na nusu ya karatasi yenye mafuta, akajisemea, huyu hatawahi kuniacha nikae kimya kwenye nyumba kubwa. Kwao walikuwaga kimya sana baada ya mama yake kufariki. Tena siku ile alikunywa juisi ya miwa ya yule mtu wa pembeni, glasi mbili. Hiyo ndiyo anayoikumbuka. Hajaonja tena kama ile.

Nikamkubalia bila hoja. Tukio la nadra, nimeliandika kwa ajili ya historia.

Hukumu ikatolewa na mke, wasimamizi wakaidhinisha. Moja, nitawaambia jumuiya mwenyewe. Mbili, kila jioni nitakula nitakachopakuliwa, mbele yake, hadi sahani ing'ae. Nikitimiza, atasimama.

Kisha akaingia jikoni. Akajipakulia kwanza, akala bila kuzungumza na mtu, tonge baada ya tonge, na sote tukamtazama. Halafu akaniletea changu. Ulikuwa ugali wa kupandwa kwa kamba. Nikaupanda.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeungama mbele ya jumuiya, kikao maalumu. Nilijaribu kuanza na chimbuko la baga kihistoria, mwenyekiti akaniomba nifupishe. Yule mama aliyelia Jumamosi alitaka arudishiwe machozi yake. Mwishowe wakacheka hadi Badru akachungulia ukutani kuuliza kama sasa anaweza kusema aliyoyajua. Nimekula kila jioni. Suruali ya jubilei haifungi.

Jumamosi, 14 Juni

Amesimama. Gauni la njano, si lile, lakini njano. Nilipofika kwenye maneno ya shida na raha sauti ilinigoma. Paroko akasubiri. Flaviana akaninong'oneza, sema, si unajuaga kusema? Nikasema.

Karamu ilikuwa nyumbani: pilau, kisamvu, korosho. Adelard hakukubali kushindwa, alileta boksi la baga kutoka hoteli yake. Nikaonja moja ili nipate cha kupinga. Ilikuwa nzuri sana. Hili halitatoka nje ya kurasa hizi. Kwake nilisema haina itikadi.

Jioni watu walipopungua tuliketi kibarazani, yeye viatu kavua. Badru alifungulia dansi ya zamani upande wa pili wa ukuta. Hatukuzungumza muda mrefu. Kwangu huo ni mfungo wa kweli.

Jumanne, 17 Juni

Nimeamka na wazo safi kabisa. Juisi ya miwa.

Kosa la awali halikuwa mbinu. Mbinu ilikuwa bora. Kosa lilikuwa kitu kilichotafutwa. Flaviana alikunywa juisi yenye ladha fulani siku ile, na mahali fulani kati ya Kinondoni na Temeke ladha hiyo ipo. Asijue lolote. Mshangao.

Nimeanza leo leo. Magomeni: maji mengi kuliko miwa. Manzese: limau la kutosha, tangawizi ya uoga. Tandale: safi, lakini aliiwekea barafu ya kutilia shaka, nikarudia glasi ili nithibitishe. Nikamweleza mkamuaji makosa yake. Akaniambia nisogee, nawazibia wateja njia.

Nyumbani tumbo limejaa kama pipa. Flaviana kapakua ugali na dagaa. Nikautazama ugali, ugali ukanitazama. Nikasema nimeanza novena, siku tisa za sala ya shukrani. Nafunga.

Kisha akajivutia sahani yangu karibu na yake, akaanza kula, akasema ni jambo jema sana, na kwamba Benedicta ameshapigiwa simu.