Barua ya Kumtoa Leila Shuleni

Faux-Frein, yaani Breki Bandia, hajui kusimama kama watu wengine. Toleka yake, baiskeli ya kubeba abiria, haina breki tangu mvua za mwaka jana, kwa hiyo hufika kijiweni kwetu kwa kugonga ukuta wa kibanda changu, halafu ndipo anasalimia. Siku ile aligonga na hakusalimia.

"Kabondo imeisha!" alipayuka. "Ba-vieux, nimetoka pale ku masomo. Batoto makumi sita banalia mmmm, sawa mbuzi! Na maîtresse anabapigia mikono!"

Kijiwe chetu cha Kabondo, mtaa wa Kisangani, kiko mbele ya cherehani yangu, pembeni ya beseni la mikate ya kukaanga ya Mama Sikujua. Tunamwita Présidente kwa sababu yeye ndiye anayeamua nani anyamaze. Mimi wananiita Ourlet, eti pindo la suruali ndilo jambo pekee nisilokosea. Kwenye benchi alikuwepo mwalimu mstaafu Gédéon, tunayemwita Syllabaire, yaani kitabu cha silabi, kwa kuwa alifundisha nusu ya mtaa kusoma, fimbo mkononi. Na alikuwepo Waziri, mwendesha toleka mwenye tumbo la heshima, ambaye kwa jina walilompa wazazi wake hatukuwa na njia nyingine ila kumwita Excellence.

"Minaijua iyo mambo," Syllabaire alisema, akikunja pua. "Ni ya maîtresse Émilie. Hafundishe jina ya herufi, anafundisha sauti. Anasema mmmm, batoto banapapasa tumbo. Anasema ssss, banatembeza mukono sawa nyoka. Kisha banaunganisha: mmm, aaa, ma. Eti njo kusoma!"

"Sasa kama haiko kusoma, iko nini?" aliuliza Présidente.

"Iko kucheza! Miye nilifundisha miaka makumi tatu. Kwangu mutoto alikuwa anashika kitabu yote kwa kichwa. Weye mwenyewe nilikufundisha. Page kumi na mbili!"

Présidente akaweka kijiko cha mafuta chini, akasimama wima, mikono nyuma, macho juu kwenye bati.

"Papa iko na shamba! Shamba iko na muhogo! Mama anapika muhogo! Tunakula, tunashiba, tunashukuru!"

"Voilà!" Syllabaire alipiga goti. "Tangu enzi ile mupaka leo! Bila kitabu!"

Faux-Frein akanyanyua mfuko wa unga uliokuwa miguuni pa Présidente, akamwonyesha maandishi.

"Présidente, soma na iyi."

Présidente aliutazama mfuko, akaugeuza, akautazama tena.

"Iyi haiko page kumi na mbili," alisema.

Tulicheka mpaka sindano yangu ikakatika. Syllabaire peke yake hakucheka. Wakati huo alipita mama mmoja na kapu tupu kichwani, akitafuta kisamvu, akapaza sauti, "Excellence, pondu iko?"

"Uliza bwana yako!" Excellence akamjibu, kisha akatugeukia. "Munaona? Miaka tatu! Nikienda Makiso, pondu iko? Nikienda Tshopo, fufu iko? Mutu akiwa na tumbo mu Kisangani, banamuona sawa sufuria!"

Tulizoea hasira hiyo, tukaiacha ipite. Lakini siku ile haikupita. Excellence alivua kofia, akaiweka gotini.

"Bon. Nimekata shauri. Leila anaacha iyo masomo leo. Tonton Gédéon, uniandikie barua ya kumutoa."

Présidente aliacha mkate uungue kwenye mafuta. Leila ni binti yake wa pekee, ana miaka saba, na tangu aingie darasa la maîtresse Émilie anasoma kila kitu kinachokaa kimya mbele yake: sabuni, sanduku la mishumaa, hata fulana za abiria. Kumtoa pale ilikuwa dhambi, na nilimwambia.

"Excellence, mutoto anafurahi. Juu ya nini?"

"Juu ya miye minasema! Miye papa yake, nilisoma bila kulia mmm! Muangalie bavette yangu pale nyuma ya kinga. Nani alichagua ile maneno? Miye!" Alionyesha bavette, kile kipande cha mpira chenye maandishi kinachozuia matope nyuma ya baiskeli yake.

Syllabaire aliandika ile barua haraka sana, kwa mwandiko mzuri kupita kiasi, akaiweka juu ya cherehani yangu. Ilibaki saini tu. Nikaitazama ikanichoma roho.

Saa sita watoto walitoka. Leila alikuja mbio, soksi moja juu, nyingine chini, akamkumbatia baba yake kiunoni. Excellence akamshika bega, akampeleka nyuma ya baiskeli.

"Leila, soma ile maneno ya bavette. Papa anayajua. Ukikosa, kesho unaenda masomo ingine."

"Ah non, Excellence!" Présidente alinyanyuka. "Unamutisha mutoto!"

"Asome."

Leila akachuchumaa. Kidole chake kikagusa mpira wa bavette.

"P... o... po. N... d... u... ndu. Pondu." Akavuta pumzi. "I... ko. Iko. Pondu iko."

Excellence aliangua kicheko kikubwa.

"Mumesikia? Pondu! Mutoto anaona njaa! Pale imeandikwa Mungu iko mukubwa! Tonton, leta kalamu!"

Hakuna aliyecheka naye. Mimi niliangalia uzi wangu. Faux-Frein alianza kukagua breki ambazo hana. Leila aliendelea, polepole, bila kuinua kichwa.

"Ma... ka... ya... bu. Makayabu iko. Fu... fu. Fufu iko moto."

Syllabaire alivua miwani, akaifuta na shati, akaivaa, akainama mpaka kwenye gurudumu.

"Waziri," alisema, na sikumbuki lini mara ya mwisho alimwita kwa jina. "Mutoto amesoma muzuri. Amesoma yote."

"Sisi tulidhani ni réclame, tangazo ya biashara ya bibi yako," nilisema. "Si anauza ku soko?"

"Bibi yangu anauza bitenge!"

"Attends!" Faux-Frein aliruka. "Njo sababu pale malewa, pale Mama Benie anauzishaka chakula, imeandikwa Mungu iko mukubwa! Batu banaingia na Biblia, banatoka na makayabu, samaki ya chumvi!"

Excellence alikaa kwenye benchi taratibu.

"Mipira zilikuwa mbili, sawasawa," alisema. "Zilikuwa zinakauka pamoja pale kwa mupentre, ule anaandikaka na rangi. Akaniambia, chukua yako. Ningemuuliza iko gani, mbele ya batu?" Aliikodolea macho mikono yake. "Na sasa kila jioni Leila ananiletea ile karatasi ya maîtresse. Papa, tusome pamoja. Minamwambia niko nachoka. Nitachoka mupaka lini?"

Nilimhurumia kwa kweli, na nilijionea aibu: miaka mitatu nimekaa naye benchi moja, nimemshonea suruali nne, na sikuwahi kujua kwamba hajui kusoma.

"Papa," Leila alisema, "miye niliisomaka wiki ile. Niliogopa tu kukuuliza, iyo pondu unaiwekaka wapi?"

Présidente ndiye aliyeanza kucheka, kisha mimi, kisha, ashukuriwe Mungu, Excellence mwenyewe, tumbo likipanda na kushuka. Syllabaire alichukua ile barua yake ya mwandiko mzuri, akampa Présidente, na Présidente akafungia ndani yake mikate mitatu ya Leila.

Leila hakungoja hata kula. Alimvuta baba yake kwa kidole, akamchuchumaza nyuma ya baiskeli, akakiweka kile kidole kinene juu ya herufi ya kwanza.

"Funga midomo, papa. Kisha upasue. Iyi njo ya mwanzo wa papa."

"P," alisema Excellence.

"Tena."

"P."

"Sasa ongeza ingine."

Yule mama wa kapu alikuwa anarudi, kapu bado tupu.

"Excellence! Pondu iko?"

Hakugeuka, na kidole hakukiondoa.

"Ngoja kwanza, mama," alisema. "Niko nasoma."