Jani la Isale Si Cheti cha Daktari

Ndugu Afisa Kazi,

Natumaini u mzima, ingawa wewe hata ukiumwa unalipwa. Mimi ni Eliufoo wa Machame, mwenye kiwanda cha mtindi nilichokianza kwa ndoo mbili na ng'ombe wa kuazima. Leo nina waajiriwa watatu, wote vijana, wote wapya, na wote wananimaliza.

Mkataba wangu, kifungu cha saba, unasema mfanyakazi akiumwa kabla ya kutimiza miezi sita kazini, halipwi. Sasa sikiliza yaliyonikuta:

1. Shedrack aliajiriwa Agosti, Septemba akashikwa na homa ya matumbo. Nikamweleza kwa upole kwamba angevumilia hadi Februari, angelala kitandani kwa mshahara kamili. Akanijibu, "Shikamoo baba. Nilijaribu kuisogeza mbele, ikakataa." Akalala siku kumi, nami nikakata siku kumi.

2. Jumapili, tukitoka ibadani, bibi yake akanisimamisha mbele ya usharika mzima na kunikabidhi jani la isale lililofungwa fundo. Unajua mila za huku: ukiletewa jani hilo, hata na aliyekuchomea nyumba, lazima usamehe. Nikamsamehe kijana kosa la kuumwa. Bibi akasema, "Umesamehe kwa mdomo. Mfukoni je?" Nikalipa.

3. Jani lenyewe lilichumwa kwenye uzio wangu! Nimepanda isale kwenye mpaka wote wa shamba, mita mia mbili na arobaini. Kwa jani moja kila mgonjwa, nimeotesha likizo ya ugonjwa ya wilaya nzima.

4. Brenda alianza kazi Jumatatu. Jumatano kichwa, Alhamisi jani. Filemon hajaumwa kabisa, ila ameleta la kwake mapema, kwa ajili ya ugonjwa anaoutarajia Krismasi.

Naomba basi utangaze kwamba jani lisilo na muhuri wa daktari si cheti, na kwamba vijana wapya wataanza kuugua mwezi wa saba wa ajira, kwa zamu. Nikisubiri jibu lako, kesho nang'oa uzio wote.

Wasalimie hapo ofisini, hasa mama wa masjala. Mwambie mtindi wake upo.

Wako katika kazi na hasara,
Eliufoo

Nyongeza: Barua ilichelewa kutoka. Uzio nimeumaliza, lakini kisiki cha mwisho kimenitegua kiuno, naandika nimelala. Mwezi uliopita nilijiajiri rasmi kama meneja, kwa mkataba uleule, nisije nikaambiwa napendelea. Mke wangu Elisifa, ambaye ndiye mhasibu, amenisomea kifungu cha saba na kusema, "Baba Gladness, ungevumilia hadi Machi." Nikampa jani. Akauliza muhuri wa daktari uko wapi.

Kwa hiyo jani lenye fundo utakalolikuta kwenye bahasha ni lako. Nisamehe yote niliyoandika hapo juu, kisha umwandikie Elisifa. Shedrack amelichuma kwa jirani. Kwangu hayapo tena.