Nimeongoza kwa Alama za Damu

Jumatatu, 3 Machi

Daktari mtafiti kaja shuleni na muuguzi wake. Wanapima damu ya walimu wote waliovuka miaka arobaini. Kaeleza kwamba damu ina alama, na alama hizo husaidia kujua nani yuko kwenye hatari ya kupata saratani ya utumbo mpana. Hotuba ndefu! Katikati nilitoka kutafuta kiti chenye mgongo. Ila neno alama nililidaka. Nimefundisha Jiografia nusu ya maisha yangu. Nani wa kunifundisha habari za alama?

Nafasi ya makamu mkuu iko wazi. Tunaitolea macho wawili: mimi na mwalimu wa Hesabu, ambaye wanafunzi humwita Desimali. Ana shahada kubwa kuliko yangu. Kwenye damu hanipati.

Jumanne, 4 Machi

Muuguzi kaagiza kesho tufike bila kula. Mtego huo! Mtahiniwa mwenye njaa atafanya nini cha maana? Nimeficha mayai nyuma ya pipa la unga. Desimali nimemshika bega, nikamshauri aanze kufunga tangu mchana huu ili damu itulie. Kanishukuru kwa dhati. Maskini.

Jumatano, 5 Machi

Nimekula vizuri. Muuguzi kaniuliza kama nimetia chochote tumboni, nikakana, kumbe kipande cha yai kiko kwenye ndevu. Kaniambia nirudi kesho, tumbo tupu. Shule nzima, ni mimi pekee niliyepewa muda wa ziada!

Jumatano, 12 Machi

Majibu yametoka. Muuguzi kaniita pembeni, akashusha sauti, akasema alama zangu ziko juu sana. Juu sana! Alikuwa anaendelea na maneno ya hospitali, lakini mimi nilikwisha fika mlangoni. Nikatangaza kwenye chumba cha walimu. Desimali akakiri kwamba zake ziko chini. Nilimpa mkono, nikamwambia asikate tamaa, wapo waliofeli wakafika mbali. Mwalimu mkuu alinitazama, machozi yakimlengalenga. Nafasi ni yangu.

Baadaye. Nimempa habari Mama Watoto. Nilitarajia pongezi. Aliweka mwiko chini, akavuta kigoda, akakaa.

"Baba Watoto, hizo si alama za mtihani. Zikiwa juu ndiyo hatari yenyewe. Umesahau baba alivyoondoka?"

Sijasahau. Marehemu baba alikonda mpaka mkanda ukawa unamzunguka mara mbili, na bado alikuwa akisema ni gesi tu. Ulikuwa ugonjwa huuhuu. Naogopa. Basi, nimeandika, yaishe.

Alhamisi, 13 Machi

Hospitali. Daktari ni kijana mpole, mikono baridi. Kasema alama hizo hazimaanishi nina saratani. Zinasema nichunguzwe mapema, hasa kwa vile baba aliugua. Wataingiza kamera ndogo kuangalia utumbo. Nilipouliza inaingilia wapi, akanijibu. Nikapendekeza waanzie mdomoni na wawe na subira. Hakucheka. Nikapendekeza wampime Desimali kwanza, kwa mfano. Mama Watoto kaniambia nikitoroka nitafute pa kulala.

Desimali kajitolea kunishikia vipindi vyangu vyote. Njama hiyo, inaonekana kweupe!

Jumanne, 18 Machi

Imepita. Dawa ya kusafisha tumbo sitaieleza hata hapa. Wamekuta kinyama kidogo kimeota ndani ya utumbo, wakakikata palepale. Leo wametuita: hakina saratani. Daktari kasema kingeachwa miaka kadhaa kingeweza kuwa yale ya baba. Mama Watoto alinishika mkono kwenye benchi la nje, akalia. Nami nililia kidogo, nikasingizia harufu ya dawa. Nina furaha kuwa hai. Nampenda yule mwanamke.

Jumatatu, 2 Juni

Nimerudi kupimwa damu, na leo nimefuata majibu. Tumbo tupu safari hii, kama walivyotaka, na tangu Machi nakula majani kama sungura. Muuguzi kanipokea kwa tabasamu. Kasema alama zimeshuka mno, ziko chini kabisa. Mama Watoto alipiga vigelegele, foleni yote ikageuka. Mimi nilimwomba muuguzi arudie.

Chini kabisa! Sawasawa na Desimali!

Najua, najua, walinieleza. Lakini kushuka ni kushuka, na mwalimu mkuu anamtangaza makamu Ijumaa. Nilisubiri Mama Watoto aende kununua maji. Kisha nikamwinamia muuguzi dirishani, nikamuuliza kwa heshima zote ni wapi mtu anakata rufaa ili damu yake isahihishwe upya.