Ombi la Kupunguziwa Upole Kituoni

Johannesburg, Oktoba 9. Huu ni mwaka wa tatu tangu niondoke kwetu Ntcheu, Malawi.

Kwa Mwalimu Matewere,
Kituo cha Vijana Wenye Mahitaji Maalumu.

Mheshimiwa Mwalimu,

Mimi ni Frackson Malizani, baba wa Tionge, yule binti wa miaka kumi na minne asiyetumia maneno. Huku nabeba matofali. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo utanisamehe nikikosea namna ya kukulaumu. Nia ya kukulaumu ninayo.

Kabla hamjampokea, Tionge alikuwa akipiga mayowe na kujigonga kichwa ukutani karibu kila jioni. Mke wangu Fainesi alikuwa akinipigia simu: "Baba Tionge, imba, mtoto anajiumiza!" Naimba nikiwa juu ya jukwaa la ujenzi, wenzangu wananicheka, naye Tionge ananyamaza. Hakuna mwingine aliyeweza. Sasa malalamiko:

1. Ulikuja nyumbani kwangu, hukumchapa wala hukumtafutia mganga. Ulikaa tu ukamtazama akila. Ukagundua anachukia mboga kumwagwa juu ya nsima, yaani ugali wetu, na kwamba redio inamuumiza masikio. Mboga ikawekwa kando, redio ikazimwa, mayowe yakaisha. Jambo lililotushinda ukoo mzima wewe umelimaliza kwa mlo mmoja. Huo si uungwana.

2. Umewafundisha watu wangu kumwonyesha mtoto picha, achague, na wao wasubiri. Ugonjwa huu umeenea. Mama mkwe wangu, ambaye tangu aolewe hajaulizwa kitu, sasa hali mpaka aonyeshwe picha ya dagaa na ya maharage. "Na mimi ni mtu," anasema, "niulizwe." Juzi alichagua kuku. Kuku hakuwamo kwenye picha.

3. Shemeji yangu Saizi alirudi amelewa akaupiga mlango teke. Zamani angetimuliwa kwa mwiko. Safari hii Fainesi alichuchumaa mbele yake akauliza kwa sauti ya kituo chenu: "Kaka, teke hili linatuambia nini?" Saizi akalia kama mtoto, akasema mkewe amemkimbia. Amehamia kwangu.

4. Nami nilimjaribu msimamizi wetu, anayetutukana tangu asubuhi. "Bosi, haya matusi yanataka kusema nini?" Akajibu: "Yanasema beba saruji hii mpaka ghorofa ya nne." Sikatai, mbinu yenu inaleta majibu.

5. Hili ndilo kubwa. Miezi sasa simu hailii jioni. Nikipiga mimi, Fainesi anasema, "Mzima, anacheka. Ulikuwa unataka nini?" Mwalimu, mtoto akiwa sawa hivyo, mimi wa nini? Pale nyumbani nilikuwa na kazi moja, nanyi mmeichukua. Akiisahau sauti yangu, nitabaki kuwa mtu wa kutuma mablanketi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mpunguze upole. Jumamosi tu. Mboga imwagike kidogo juu ya nsima, au redio iwashwe wakati wa mpira. Alie kidogo, asijiumize, kisha mnipigie.

Nisalimie walimu wote, mpishi, mama mkwe akikubali kusalimiwa, na Saizi kama bado yuko kitandani kwangu.

Wako katika manung'uniko,
Frackson Malizani

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha simu ikalia. Nikaanza kuimba hapo hapo. Fainesi akanikatiza: "Hebu nyamaza! Nani kakwambia analia? Kanivuta mkono mpaka kwenye simu, kisha kwenye picha yako ukutani. Anakutaka tu, basi." Tionge akashika simu akawa anapumua, ametulia. Mimi kuongea na mtoto asiyelia sijui. Nikamsimulia matofali. Hakukata simu.

Futa namba tano na lile ombi la Jumamosi. Upole uendelee, hata mkiuongeza. Kazi inafungwa kwa likizo katikati ya Desemba, na natarajia kufika tarehe ishirini. Mwambieni Tionge sitamrukia kumkumbatia. Nikishuka basi nitasimama pale pale mpaka aamue mwenyewe kusogea, hata ikifika Krismasi.