Kilima Hakikuota Chenyewe

Mgeni aliingia mgahawani kwa Mama Nunu bila kutarajiwa, buti zimejaa tope, akauliza kilima cha ngome kiko wapi. Kipo, pembeni ya barabara kuu ya M6. Sisi watu wa Shard End, mtaa huu wa Birmingham, tunakijua kwa nyasi na mbwa.

Akaeleza kuwa chama chake kitaanza kuwatembeza huko watoto wa shule, na kinatafuta kijana wa mtaani wa kuwaongoza. Nikafuta mikono haraka, nikamsogelea. Nina digrii ya historia na miezi minane ya kuosha vikombe vya Mama Nunu. Kijiweni naitwa Digrii, na si kwa heshima.

"Habari ya leo ndiyo hiyo," alisema Mzee Idarous wa Unguja, tunayemwita Bibisii. "Watoto wapelekwe kutazama kichuguu."

"Ni ngome ya Wanormani, Mzee. Walitoka Ufaransa, wakaiteka nchi hii mwaka 1066. Walikuwa wachache, wakajenga ngome kila upande ili waitawale."

"Ngome ya nini, na wameshashinda?"

"Woga," alidakia Mzee Harbhajan, Singasinga wa Kisumu aliyechimba barabara za Birmingham miaka arobaini. Jina lake hapa ni Sururu. "Mtu anapendwa, ukuta wa nini, bana? DC wetu kule Kisumu, Mwingereza, alikaa juu kilimani. Sisi chini, tunaangalia soksi zake zikianikwa."

Mama Nunu alibaki na birika mkononi. "Kumbe Waingereza nao walijengewa boma?"

"Walijengewa, wakanuna, wakajifunza, kisha wakaja kutujengea sisi," alisema Bibisii. "Wanafunzi hodari. Mtihani wakaja kuufanyia kwetu."

Mgeni, ambaye hakujua Kiswahili, akaniuliza wanasema nini. Nikamjibu kuwa wazee wamevutiwa.

"Usimdanganye mtoto wa watu," alisema Mama Nunu.

Sururu alikuwa bado ananikazia macho. "Na nani alichimba?"

"Wenyeji, Mzee. Kwa lazima. Walichimba handaki, udongo wake wakaurundika ukawa kilima, juu yake ukasimamishwa mnara. Mahali pengine nyumba zao zilibomolewa kwanza kupisha."

Akatua kikombe. "Yaani unachimba shimo la kukuzuia wewe, na udongo wake unamwinulia mtu wa kukuchungulia." Akakuna ndevu. "Barabara zangu zote, siku ya kufungua, utepe ulikatwa na mtu mwenye glavu nyeupe. Wewe kijana, hao watoto uwaanzie na habari ya wachimbaji. Niahidi."

"Nakuahidi, Mzee."

"Ahadi ya msomi," Bibisii alibetua mdomo. "Hiyo hudumu mpaka aone mshahara."

Mgeni akataka nimwonyeshe papo hapo, kana kwamba yeye na wazee ni darasa. Ila nianze na shujaa juu ya farasi mweupe, alisisitiza. Habari za tope huwachosha watoto. Nikimridhisha, Jumatatu naanza kazi. Akafungua kalamu.

Nilisimama. Farasi nilimwona kabisa, kwato zake zikinichukua mbali na lile sinki. Kisha nikaviona vidole vya Sururu vilivyokizunguka kikombe mezani, viwili havinyooki tena.

"Watoto," nilisema kwa Kiingereza, "kilima hiki hakikuota chenyewe. Kuna watu walikirundika, na hatumjui kwa jina hata mmoja wao."

Mgeni alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Akafunika kalamu yake, akasema kazi hii hainifai, akauliza tena njia ya kilimani. Mama Nunu akamwelekeza.

Mlango ulipofungwa, Bibisii alitikisa kichwa. "Farasi mmoja tu. Kimekushinda nini kumtaja farasi mmoja?" Lakini hakucheka.

Sururu aliinuka taratibu, akaenda kwenye sinki, akakunja mikono ya shati na kuanza kuosha vikombe.

"Mzee, acha. Hiyo ni kazi yangu."

"Kaa chini," alisema bila kugeuka. "Maliza hadithi. Huyo farasi mweupe, mavi yake alizoa nani?"