Mbinu Zangu za Kuishinda Bunda

Jumatatu, 4 Agosti

Leo mimi, Burito wa kidato cha tatu, nimekuwa nahodha wa timu ya kwanza ya roboti katika shule yetu hapa Butiama. Madam Matrida wa fizikia aliuliza nani amewahi kuona roboti. Nikanyoosha mkono. Sikusema kwamba niliiona kwenye kalenda ya kinyozi.

Tuko watatu. Wankyo anaandika programu kwenye kompyuta. Mwikwabe anakata, anakunja, anafunga nati, haongei. Mimi nafikiri.

Mashindano ni Jumamosi ya wiki ijayo, Musoma. Turubai la buluu ndilo ziwa. Vipande vyekundu ni takataka, roboti ivisukume hadi ufukweni. Vyeupe ni samaki, waachwe majini. Ukimtoa samaki unakatwa pointi. Rahisi. Nimeshachagua ukuta wa picha yangu ofisini kwa mkuu wa shule.

Jumatano, 6 Agosti

Roboti imeitwa Furu, yule samaki mdogo wa ziwani. Mimi nilipendekeza iitwe Burito. Kura mbili kwa moja.

Lakini imetembea! Mwikwabe aliyafunga magurudumu kwa mpira wa ndala yake moja, hayatelezi. Ikavuka darasa zima, ikageuka kama Wankyo alivyoiagiza, ikarudi. Wankyo alipiga vigelegele hadi kidato cha kwanza wakajaa madirishani.

Watu walivyokuwa wengi, niliona si vizuri nahodha asimame tu. Nikabadilisha betri mwenyewe. Chanya nikaiweka kwenye hasi. Moshi. Kadi ya kuendeshea mota imeungua, na hatuna nyingine.

Wankyo alikaa chini akaishika ile kadi kama kifaranga aliyekufa. Nikawaeleza kwamba haya huwapata hata wataalamu. Mwikwabe akaongea kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alisema, "Toka."

Jumamosi, 9 Agosti

Mbinu kubwa. Timu inayoogopwa ni ya shule moja ya Bunda. Nahodha wao anaitwa Debora. Nimedandia lori la pamba la baba mdogo kwenda kuwapeleleza.

Nilipanga kuchungulia dirishani. Debora akanikuta nachungulia. Akauliza kama natoka timu ya Butiama, akaniingiza ndani, akanipa kiti na muhogo wa kuchemsha. Kisha akanionyesha kila kitu, hadi ule mkono mpana wa roboti yao unaofagia kama mama siku ya Jumamosi. Nilinyong'onyea. Siri ukipewa bure haina utamu.

Nikamweleza kuhusu kadi yetu. Nilisema imepigwa na radi. Akafungua kabati akanipa ya kwao ya akiba.

"Chukueni tu, kaka. Msipokuja tutacheza na nani?"

Ndipo nikamaliza kazi iliyonileta. Nikamwambia kwa upole kwamba sheria imebadilika, samaki nao watolewe, wana pointi mara mbili. Akashukuru.

Nilijisikia vibaya hadi tulipofika Kiabakari. Kisha nikasinzia juu ya magunia matupu.

Jumatano, 13 Agosti

Furu amefufuka. Nimewaambia kadi ilipatikana kwa mazungumzo magumu. Wankyo amenikaribisha tena kwa sharti moja: nisiguse chochote chenye waya. Nimekabidhiwa rula.

Leo Furu ametoa takataka zote bila kumgusa samaki hata mmoja. Tulirukaruka, Mwikwabe naye, na mguu mmoja hauna ndala. Madam Matrida akaniuliza kama Bunda kulikuwa na habari yoyote. Nikasema hakuna. Akanitazama kama mtu anayesubiri uji upoe.

Jumamosi, 16 Agosti, Musoma

Ukumbi umefurika. Shule zimevaa fulana za rangi zote, wazazi wamesimama juu ya mabenchi. Nikawa sioni njaa wala kiu.

Kisha wakatangaza kwamba kila mchezo unachezwa na shule mbili pamoja dhidi ya mbili nyingine, kwa kura. Kumbe iko kwenye sheria, ukurasa wa pili. Mimi nilisomaga wa kwanza.

Kura yetu ikasomwa. Butiama na Bunda.

Roboti ya Debora itawafagia samaki wote, na pointi zitakatwa kwetu sote. Wankyo alikuwa anafuta vumbi kwenye Furu kwa ncha ya kanga ya mama yake. Sikuweza kumtazama. Nikamfuata Debora, nikamwambia sheria imebadilika tena, samaki wabaki.

"Haijawahi kubadilika, kaka," alisema. "Ulipoondoka tu nilimpigia Madam wenu nikamuuliza."

Nikauliza mbona hakuniambia.

"Tulitaka kuona utasema lini."

Madam alikuwa nyuma yangu. Filimbi ikalia.

Furu akaanza vizuri. Karibu na mwisho gurudumu likapanda kwenye mkunjo wa turubai, akakwama, takataka mbili zikiwa mbele yake. Wankyo akaziba macho. Ndipo roboti ya Bunda ikazunguka nyuma yake, ikanyoosha ule mkono, ikamsukuma Furu na takataka zake hadi ufukweni. Tukashinda kwa takataka hizo mbili! Mwikwabe alimbeba mtu asiyemjua.

Mchezo uliofuata tukafungwa na wenyeji. Lakini tumepewa kikombe cha ushirikiano. Debora aliwaambia majaji kwamba nahodha wa Butiama alisafiri hadi kwao kubadilishana ujuzi. Nikaitwa mbele. Nilisema ushirikiano ndio ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo. Wankyo alicheka hadi akakaa chini.

Jumatatu, 18 Agosti

Timu imemchagua Wankyo kuwa nahodha. Nimekubali bila kinyongo. Nahodha ana kazi nyingi, hapati nafasi ya kufikiri.

Madam aliniita akaniuliza nimejifunza nini. Nikajibu kwamba uongo hauna faida, na kwamba mshindani wa leo ni mwenzako wa kesho. Alifurahi sana.

Kisha akasema kuna shule Tarime inataka kuanzisha timu, hawajui lolote, wanaomba mwanafunzi mmoja akawafundishe sheria. Nimejitolea palepale. Naondoka Ijumaa. Nitawaambia roboti haziruhusiwi kuwa na magurudumu.